Sauti Tunayoijua: Namna Muziki Wetu Uliuzisha Dawa, Motokari na Wakubwa

Zamu ya kuandika imenifikia mimi, na najua wengine mulikuwa mnangojea habari ya mihogo ao ya mbolea. Mtanivumilia kidogo, mashamba yatakuja mwishoni. Leo nataka tuongee historia ya kitu chenye kinatugusa kila siku: piblisite. Zaidi sana ile yenye inatumia wimbo wa zamani ao sauti ya mtu mwenye tunamjua, mpaka unajikuta moyo umelegea mbele hata ya kujua kinauzishwa nini.

Angalieni vile inaendaga. Ku radio gitare ya zamani inaanza kulia polepole. Mama anaacha sahani, papa anatabasamu, mtu anasema: « Eeh, ile wakati! » Kisha tu ndio jina la bia ao la sosiete ya telefone linaingia. Hakuna mtu ameeleza kama ile bia ni nzuri. Hakuna bei, hakuna sababu. Lakini ndani ya dakika moja ile bidhaa imekwisha kukaa mu kiti kimoja na ujana wa papa.

Wazo langu ni hili: sauti tunayoijua inafanya kazi sawa mfereji wa maji mu shamba. Mfereji hauchagui. Utapitisha maji safi, utapitisha na sumu, na mimea itakunywa vyote. Historia yetu ya Kongo iko na mifano mingi ya hiyo, pengine kuliko nchi nyingi, sababu muziki wetu ulizaliwa karibu na duka na baa. Tufuate njia yake.

1. Ugonjwa wa Waswisi

Neno « nostalgie » Wafaransa hawakulitoa mu mashairi. Lilitoka ku udaktari. Mu 1688, kijana Johannes Hofer wa Uswisi aliandika kazi yake ya masomo mu mji wa Basel juu ya ugonjwa wa watu wenye kuwa mbali na kwao. Akaunganisha maneno mawili ya Kigiriki: moja ni kurudi nyumbani, lingine ni maumivu. Kwake yeye hamu ya nyumbani ilikuwa ugonjwa wa kweli, wenye kuweza kuua.

Karibu miaka 80 nyuma ya hapo, mu 1768, Jean-Jacques Rousseau aliandika mu kamusi yake ya muziki kuhusu wimbo wa wachunga-ng'ombe wa Uswisi. Alisema ulikatazwa mu vikosi vya askari Waswisi wenye walikuwa wanapigana kwa mshahara mu nchi za wengine, sababu wakiusikia walikuwa wanalia, wanatoroka, ao wanakufa. Rousseau mwenyewe akaongeza kwamba nguvu haikuwa ndani ya nota za ule wimbo. Wageni waliusikia na haukuwafanya kitu. Nguvu ilikuwa mu kumbukumbu ya msikilizaji. Wimbo ulikuwa kama ufunguo tu. Mlango ulikuwa ndani ya mtu.

Watu wa sayansi walikuja kupima ile jambo. Mu 1968, Robert Zajonc wa Marekani alionyesha kwamba mtu akikutana na kitu mara nyingi anaanza kukipenda, hata kama hakina maana yoyote kwake. Kuzoea peke yake kunazaa upendo kidogo. Mu 1989, Morris Holbrook na Robert Schindler walipigia watu nyimbo za miaka tofauti na kuwauliza wanapenda zipi. Zenye zilipendwa zaidi zilikuwa zile zenye zilivuma wakati msikilizaji alikuwa na umri wa karibu miaka 24.

Sasa fanyeni hesabu sawa mfanyabiashara. Mtu mwenye alikuwa na miaka 50 mu 2024 alikuwa na miaka 24 mu 1998, mwaka mmoja tu kisha Wenge Musica kupasuka. Mzee wa miaka 75 alikuwa na miaka 24 mu 1973. Ukijua nani iko na pesa mu mfuko leo, utajua ni muziki wa mwaka gani utauweka mu piblisite yako. Hakuna uchawi hapo. Ni kalenda.

2. Mbwa mbele ya fono

Mbele ya radio, kulikuwa na picha moja. Mwisho wa karne ya 19 mu Uingereza, mchoraji Francis Barraud alichora mbwa mdogo anaitwa Nipper. Mbwa amekaa mbele ya fono, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Nipper alikuwa mbwa wa kaka yake Barraud, na huyo kaka alikuwa amekwisha kufa. Hadithi yenye ilienea ni kwamba sauti yenye mbwa anasikiliza ni ya bwana wake marehemu. Mu 1899 sosiete Gramophone ilinunua ile picha, kwa sharti Barraud afute fono ya kwanza na achore masini yao. Ndio ikawa alama ya His Master's Voice, Sauti ya Bwana Wake, yenye ilizunguka dunia yote.

Fikirini vizuri. Hawakuuzisha masini kwa kusema chuma yake ni ngumu ao bei yake ni ndogo. Waliuzisha wazo kwamba mtu mwenye umempenda, mwenye hatarudi tena, sauti yake inaweza kurudi.

Ile alama ya mbwa ilifika hata kwetu huku Afrika. Mu 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alisafiri mpaka Bombay kuimba mu diski za His Master's Voice, na watu wa pwani wakasikia Kiswahili chao kinatoka ndani ya sanduku. Kuanzia 1933 sosiete hiyo ikaleta Afrika mfululizo wa diski zenye namba za GV, nyingi zikiwa muziki wa Kuba. Kati ya zile za kwanza kabisa kulikuwa « El Manisero », wimbo wenye ulijengwa juu ya kelele ya muuzishaji wa karanga anapita barabarani akiita wanunuzi.

Mimi hapo ninachekaga kidogo. Mababu zetu mu Léopoldville na Brazzaville walijifunza rumba, kwa sehemu, ku diski ya mtu anauzisha karanga! Na juu ya nini waliipenda ile muziki ya Kuba haraka vile, bila kusikia neno moja la Kihispania? Sababu midundo yake ilikuwa imeondoka Afrika, mingine pwani ya Kongo hapa, pamoja na watu wenye waliuzwa utumwani. Ilirudi ikivaa nguo zingine, lakini mwendo wake watu waliujua.

3. Wagiriki, baa na jina la bendi

Mu 1948 mfanyabiashara Mgiriki, Nicolas Jeronimidis, alifungua studio na alama ya diski Ngoma mu Léopoldville. Mwaka uleule Wendo Kolosoy, mwenye alikuwa amefanya kazi ya makaniki mu mashua za mto, akaingia kuimba « Marie-Louise » pamoja na Henri Bowane. Wimbo uliwaka moto. Watu walisema ukipigwa saa sita ya usiku unafufua wafu, na mapadri hawakufurahi. Tuache kama ni kweli ao hapana. Angalieni tu kile watu walisikia mu ile sauti. Ni jambo lilelile la mbwa Nipper: sauti yenye inarudisha wenye walienda.

Jeronimidis hakungoja wateja waje kwake. Aliweka waimbaji mu gari, Wendo, Bukasa na D'Oliveira, wakazunguka nchi wakiimba na kutangaza diski za Ngoma. Kwa hiyo mwimbaji na piblisite vilikuwa kitu kimoja tangu mwanzo. Hakukuwa na muziki safi kwanza, kisha biashara ije kuuchafua. Vilipanda mu gari moja.

Mu 1949 Radio Congo Belge ikaanza programu za Waafrika, na sauti zikafika hata mwenye hakuwa na pesa ya kununua fono. Mu 1950 Mgiriki mwingine, Papadimitriou, akafungua Loningisa, na hapo ndipo kijana François Luambo, mwenye tunamwita Franco, alikomalia. Tarehe 6 juni 1956, yeye na wenzake wakaanzisha bendi ku baa ya Oscar Kashama. Baa ilikuwa inaitwa O.K., herufi za jina la mwenyewe. Bendi ikachukua jina OK Jazz.

Zaidi ya miaka 30 Afrika nzima iliimba jina la baa moja ya Kinshasa bila kujua. Hakuna tajiri leo mwenye anaweza kulipa piblisite ya namna ile.

4. Mwenda wa Bayeke na kidonge cha kichwa

Sisi wa upande wa Mashariki na Katanga tunapendaga kusema habari hii ni ya Lingala tu. Hapana. Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, mzaliwa wa 1930, mtu wa Bunkeya, alikuwa anaimba Kiswahili cha Katanga na kupiga gitare ya vidole namna hakuna mwingine. Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, yaani Likasi ya leo, na wimbo « Masanga » ukatembea mpaka Afrika ya Kusini na Ulaya.

Mwisho wa miaka ya 1950 akafika Nairobi. Kule alikuwa na kipindi chake ku radio, na sauti yake ikatumika kutangaza Aspro, dawa ya kutuliza kichwa. Jirani yake wa muziki, Edouard Masengo, naye alifika kulekule, na vijana wa Kenya wakajifunza gitare kwa kuwasikiliza hao wawili.

Juu ya nini sosiete ya dawa ilitaka mtu wa Katanga? Nairobi ilikuwa na watu wengi wenye walitoka vijijini kutafuta kazi, kila mtu mbali na mama yake. Gitare ya Bosco ilikuwa ya mtu mmoja, bila bendi, bila kelele, sawa ndugu anakaa nawe jioni ku mlango wa nyumba. Na lugha yake waliisikia, hata kama maneno mengine yalikuwa ya kwetu. Daktari akisema ku radio « kunywa kidonge hiki », ile ni amri. Ndugu mwenye gitare akisema vilevile, ile ni shauri la nyumbani. Dawa ni ileile. Kilichobadilika ni nani anaileta.

5. Azda, 1973

Tufike sasa ku mfano wenye naona ni mkubwa kuliko yote. Mu 1973 Franco na bendi yake, wakati ule inaitwa TP OK Jazz, walitoa wimbo « Azda ». AZDA ilikuwa nyumba ya kuuzisha motokari za Volkswagen mu Zaïre. Wimbo mzima ni piblisite. Mu kiitikio waimbaji wanarudilia tu zile herufi mbili za Volkswagen kwa matamshi ya Kifaransa, mara na mara, sawa watoto wanacheza.

Na bado wimbo ulivuma, kwetu na Afrika ya Mashariki na ya Magharibi. Mpaka leo ku harusi watu wazima wanauchezea, na vijana wengi hawajui kama wanachezea tangazo la garage. Ilifanyikaje? Mimi naona sababu tatu.

Ya kwanza ni wakati. Franco alikuwa amekwisha kuimba miaka 17 mbele ya kuuzisha ile motokari. Watu walikuwa wamependana, wamegombana na wamezika wazazi wao na sauti yake mu nyumba. Volkswagen haikununua dakika za wimbo. Ilikodi ile miaka 17.

Ya pili ni namna ya kuimba. Hakuna kelele ya soko. Wanaimba motokari vile wanaimbaga mwanamke: polepole, kwa upole, kisha gitare zinaingia na mwili unaanza kutikisika. Piblisite mbaya inakukatiza furaha ili ikuambie kitu. Ile ilikuwa furaha yenyewe.

Ya tatu ni historia ya nchi. Mu 1971 Kongo ikawa Zaïre. Mu 1972 watu wakabadilisha majina. Shaba ilikuwa inaleta pesa, Kinshasa ilikuwa inaota kuwa mji mkubwa wa dunia, na motokari ndogo yenye mgongo wa mviringo ilikuwa ndoto yenye mwalimu ao karani angeweza kuifikiria. Franco aliiweka ile ndoto mu mdomo.

Sasa angalieni kilichofuata. Tarehe 30 novemba 1973, mwaka uleule wa wimbo, Mobutu akatangaza zaïrianisation: maduka, mashamba na sosiete nyingi za wageni vikapewa watu wa ndani, mara nyingi watu wa karibu na utawala. Sisi agronomu tunajua nini ilifanyikia mashamba makubwa: wengi wenye walipewa hawakujua kazi, waliuzisha masini, na mazao yakaanguka. Mu 1974 na 1975 bei ya shaba ikashuka vibaya. Ndoto ya motokari ikabakia mu wimbo.

6. Mfereji uleule, maji tofauti

Kama Franco angeimba motokari tu, tungecheka na kupita. Lakini mu 1984, wakati wa uchaguzi wenye mgombea alikuwa mmoja peke yake, alitoa « Candidat na biso Mobutu ». Sauti ileile. Gitare zilezile. Huyu ndiye mtu mwenye serikali ileile ilimtia jela mu 1978 sababu ya nyimbo za matusi. Watu walimpenda sababu alikuwa anasema maneno ya kiwanja, maneno yenye wakubwa hawakutaka kusikia. Na ule upendo ndio ulifanya sauti yake iwe na bei kwa wakubwa.

Miaka mitatu nyuma, mu 1987, mtu yuleyule alitoa « Attention na SIDA ». Wakati wengi walikuwa wanaogopa hata kutaja ule ugonjwa, Franco alizungumza na vijana, wazazi, waganga na serikali, sawa mzee wa nyumba anaita mukutano wa jamaa. Mtu mwenye asingesikiliza munganga wa serikali alimsikiliza Franco. Alikufa tarehe 12 oktoba 1989 mu Ubelgiji, lakini ule wimbo uliendelea kuonya.

Motokari, mukubwa, onyo la kifo. Mfereji mmoja. Ndiyo maana sikubaliani na wenye wanasema « ile ni muziki tu », na sikubaliani pia na wenye wanasema piblisite ya hisia ni ubaya tu. Upendo wa watu kwa sauti fulani ni akiba. Inaweza kutumika kuokoa, inaweza kutumika kulaza.

7. Bia na mawe

Bia iko na historia yake pekee, na sisi wote tunaijua ku meza. Primus ilianza kutengenezwa Léopoldville mu 1926. Jina lenye baba wa babu yako alilitaja halihitaji kujieleza. Katanga watu wako na Simba yao na Tembo yao, na mtu wa Lubumbashi mwenye anaishi mbali anaweza kulia juu ya chupa sawa analilia mji.

Mu miaka ya 2000, viwanda viwili vikubwa vya Kinshasa vilipigana kwa sauti. Werrason alikuwa upande wa Primus, JB Mpiana upande wa Skol. Hao wawili walikuwa wametoka mu bendi moja, Wenge Musica BCBG, yenye ilipasuka mu 1997. Viwanda havikuumba ule ugomvi. Viliukuta tayari, na kila nyumba ilikuwa na upande wake. Vikaweka chupa pande mbili za moto. Kijana akichagua bia, alikuwa anachagua nani alikuwa na haki mu 1997.

Pamoja na hiyo, kuna libanga. Neno ni la Lingala, maana yake jiwe. « Kutupa libanga » ni kutaja jina la mtu ndani ya wimbo, kwa pesa ao kwa urafiki. Mfanyabiashara, mukubwa wa jeshi, mtu wa Ulaya mwenye anatafuta kujulikana nyumbani: wote wanaingia. Kwa wenzetu wa ugenini, Brussels ao Paris, kusikia jina lako mu mdomo wa nyota ni kama kurudi nyumbani bila kupanda ndege. Hofer wa 1688 angeelewa mara moja. Leo kuna nyimbo zenye majina mengi kuliko maneno, na muziki wenyewe unakosa nafasi ya kupumua.

8. Zaïre tamu yenye hatukuiona

Hapa ndipo jambo linanigusa kama kijana. Wengi wetu ku ukurasa huu tulizaliwa mwisho wa Mobutu ao nyuma yake. Lakini wimbo wa 1975 ukipigwa, tunasema: « Zaïre ilikuwa tamu! » Ilikuwa tamu kwa nani? Sisi hatukuwa. Tunakumbuka kitu chenye hatukuishi, sababu sauti ya wazazi wetu, harufu ya jikoni yao na zile gitare viliingia mu masikio yetu pamoja.

Na zile gitare hazikubeba deni. Hazikubeba maporomoko ya mashamba nyuma ya 1973, wala uporaji wa 1991 na wa 1993, wala ile bei ya miaka ya kwanza ya 1990 yenye ilikuwa inapanda kwa maelfu ya asilimia, mpaka mshahara wa mwalimu ulikuwa unakufa mbele ya kufika sokoni. Wimbo unachagua. Unabakiza jumamosi jioni, unafuta jumatatu asubuhi.

Mwenye anauzisha simu ao bia kwa ile hamu, shauri yake. Lakini mwenye anataka kura kwa ile hamu, anatuletea zamani yenye imekatwa faktire. Tukiwa wasomi ni kazi yetu kuuliza: faktire iko wapi?

9. Mbegu 100

Niliwaahidi mashamba. Mu kazi yetu, tangu wakati wa Wabeleji, walijua kwamba mulimaji hasikilizi karatasi. Ndio maana kulikuwa na monita, mtu wa kijiji mwenyewe, anaongea lugha ya pale. Wakati mwingine alileta mbegu nzuri; wakati mwingine alileta amri ya kulima pamba kwa nguvu. Tena mfereji uleule.

Leo radio za mitaa zinatangaza mbegu, dawa za wadudu na mbolea, kwa sauti ya mchekeshaji mwenye kijiji kinamjua ao kwa wimbo wa zamani. Mama mlimaji ananunua sababu amesikia sauti ya nyumbani. Kama mbegu ni ya uongo, anapoteza msimu mzima, na msimu kwake ni chakula cha watoto na minerval ya masomo. Mu piblisite ya bia, ukidanganyika unapoteza bei ya chupa. Hapa inaumiza zaidi.

Lakini mbegu iko na uzuri mmoja: inapimika. Chukua mbegu 100 za mahindi, zipange mu kitambaa chenye unyevu, kikunje, usikiache kikauke. Kisha siku saba hesabu zenye zimeota. Zikiota 90, panda bila woga. Zikiota 50, mrudishie muuzishaji, hata kama aliimba vizuri namna gani. Mama mwenye hajasoma anaweza kufanya hii kazi leo jioni, na kitambaa hakijui nani aliimba ku radio.

Ndiyo kitu naomba tufundishe mu vijiji na mu chama chetu. Tusiwakataze watu kupenda sauti yenye wanaijua. Haitawezekana, na itakuwa huzuni. Tuwafundishe kutenga maswali mawili. Sauti inajibu swali la « nani anasema ». Haijibu swali la « kitu ni cha kweli ao hapana ». Jibu la swali la pili linatoka ku kitambaa, ku faktire, ku kitabu cha hesabu, ku matokeo ya mwaka uliopita. Na sisi wenyewe, siku watatuomba kuongea ku radio sababu kijiji kinatuita « mwana wa hapa », tukumbuke kwamba tunabeba akiba ya watu. Tupime mbegu mbele ya kuimba.

Jumapili, mkikaa na wazee, muwaulize walikuwa na miaka ngapi « Azda » ilipotoka, na kama mu barabara yao kulikuwa mtu mwenye alinunua ile motokari. Majibu yao ni historia yenye haijaandikwa bado. Muyaandike mbele hayajapotea.

Mubakie salama.